Utani wa Gereji na Deni la Mtani: Mzaha na Mawaidha ya Ufundi wa Magari katika Kitui na Makueni

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Ukambani umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya hadithi, methali na vitendawili. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Mwikali Kieti na Peter Coughlin wakafuata mwaka 1990 na kitabu chao juu ya hekima ya fasihi hiyo. Kazi hizi ni nguzo, wala hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kikamba awezaye kuzipita kando. Hata hivyo wahakiki waliokuja nyuma yake wamezoea kuitafuta fasihi mahali pamoja tu: nyumbani kwa bibi, jioni, moto ukiwaka. Ni nadra kwa mhakiki kuitafuta mchana, chini ya mwembe ulio kando ya barabara, mahali ambapo gari limepandishwa juu ya mawe na wanaume sita wamelizunguka, mmoja akifanya kazi na watano wakisema.

Watano hao ndio mada ya makala haya. Wanapatikana Wote na Kathonzweni, Emali na Kibwezi, Mwingi na Mutomo. Baadhi yao ni madereva wanaongoja zamu, baadhi ni wenye magari, wengine ni wanagenzi, na wapo wasio na gari wala tamaa ya kulipata, lakini wanajua ukubwa wa kila nati kwa kuitazama tu. Shughuli yao ni mbili kwa pamoja: kutaniana, na kupeana maarifa ya kulibadilisha gari, yaani kuliinua, kulitia springi nzito, kulifunga karieri, kuling'oa kifaa hiki na kulipachika kile. M. M. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (1989), aliviweka soga na malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo. Mgawanyo huo unafaa, ila unamwacha mhakiki wa gereji njiani, kwa sababu pale soga, malumbano na mawaidha hutoka katika sentensi moja. Ukiuondoa mzaha, unabaki na shauri ambalo hakuna atakayelisikiliza. Ukiliondoa shauri, unabaki na tusi. Suala linalostahili kuulizwa, basi, ni hili: mzaha huo unaufanyia nini ufundi huo, na ni nani alipaye shauri likiwa baya?

Asili ya mazungumzo haya ni barabara. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kitui na Makueni ilikuwa na njia za kokoto na mawe, zikikatwa na mito ya mchanga kama Tiva na Thwake, ambayo hukauka miezi mingi kisha hujaa kwa usiku mmoja. Gari la Ulaya au la Japani lilipofika huku lilikuwa halijamalizika kutengenezwa. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kuchukua abiria bila leseni maalumu, kazi ya kulimalizia gari iliongezeka: pikapu zilitiwa bodi na mabenchi, chasisi zikaongezewa nguvu, springi zikaongezwa majani. Kenneth King, katika utafiti wake juu ya mafundi wa Kenya uliotoka mwaka 1977, alionyesha jinsi ufundi huo ulivyosambaa kwa njia ya kufunzana kazini, nje ya vyuo. Joshua Grace naye, akiandika juu ya Tanzania mwaka 2021, amesisitiza kwamba gereji za Kiafrika ni mahali pa ubunifu wa kiteknolojia wala si mahali pa kuvichezea tu vitu vya watu wengine. Maneno hayo yanaufaa Ukambani pia, hasa ile sehemu ya Makueni inayopitiwa na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ni miji iliyolelewa na magari yaendayo mbali. Kinachoharibika njiani hutengenezwa hapo, na kinachotupwa hapo hupata gari jingine la kukivaa.

Siku hizi gari linalozungumzwa zaidi ni Toyota Probox. Gari hili lilitolewa nchini Japani mwaka 2002, likakusudiwa kuwa gari la kazi la kusambazia bidhaa mijini. Huku limekuwa teksi, gari la maembe, gari la saruji, na pengine gari la arusi. Lina nafasi ya watu watano. Lakini ile kauli maarufu kwamba gari halijai haikutungwa kwa ajili ya kuheshimu hesabu hiyo. Mhakiki asiharakishe kuipita kauli hii. Kwa maneno mawili tu inamnyang'anya abiria haki ya kulalamika, kwa kuwa anayelalamika huonekana hajui mchezo, naye akicheka amekwisha kusogea.

Yafaa kuanza na fani. Katika Kikamba kitendawili huitwa ndai, na mtegaji humwambia mwenzake akikamate, naye hujibu kwamba amekikamata. Kwa sadfa ya kupendeza, katika Sheng ya vijana wa Nairobi neno ndai ni gari. Hakuna haja ya kudai kwamba maneno haya ni ndugu. Ila mtu aliyekaa gereji atakubali kwamba sadfa hiyo imesema kweli. Dereva huja na mlio. Hasemi kwamba beringi imekwisha, kwani hajui. Huuiga mlio kwa kinywa, akieleza kwamba husikika kwenye kona ya kushoto na hunyamaza breki ikikanyagwa. Fundi hanyanyui kichwa. Wanagenzi hupewa nafasi ya kukisia kwanza, na kila jibu la kijinga hupata adhabu yake ya kicheko. Hapo ndipo mafunzo yanapofanyika. Kijana aliyechekwa kwa kudhani kwamba mlio wa beringi ni wa shokamzoba hatausahau tena, na hakuna kitabu kingeweza kumfundisha kwa haraka hiyo. Muundo ni ule ule wa kutega, kukisia, kushindwa, na mjuzi kutoa jibu baada ya kuombwa. Tofauti iliyopo ni kwamba jibu la kitendawili cha jioni linajulikana tangu zamani, hali jibu la gereji laweza kuwa baya, na mtu akalipanda.

Miongoni mwa vichekesho vya ufundi, kile cha nati zilizobaki ndicho kilichoenea zaidi, si Ukambani tu bali Afrika Mashariki nzima. Fundi amemaliza kuifunga injini. Chini, juu ya gunia, zimebaki nati tatu. Mwenye gari anauliza. Fundi anajibu kwamba hizo ziliwekwa kupita kiasi na waliolitengeneza gari. Kichekesho hiki husimuliwa na mafundi wenyewe, na hapo ndipo penye utamu wake. Kinawadhihaki wao, lakini pia kinaitunza fahari yao: huenda kweli kule kiwandani hawakujua barabara ya Zombe ilivyo. Ndani yake mna kiburi cha mtu aliyefunzwa na kazi dhidi ya mtu aliyefunzwa na michoro, na kiburi hicho kina haki yake. Mhakiki atakayekiita ushahidi wa uzembe tu atakuwa amesikia nusu.

Hata hivyo, nusu nyingine ipo.

Mfano mzuri ni thamostati. Kifaa hiki kidogo huuzuia mzunguko wa maji ya radieta mpaka injini ipate moto unaofaa, yaani nyuzi 80 hivi na zaidi, ndipo hufunguka. Katika nchi ya joto kama Kibwezi au Mutomo, gari likichemka, shauri la kwanza la wengi ni kuing'oa. Shauri hilo hutolewa kwa mzaha unaojulikana: kwamba kifaa hicho ni cha watu wa theluji, kimekuja huku kwa kupotea njia. Mzaha ni mzuri, na una chembe ya mantiki. Ila si kweli kwamba joto la nje ndilo linaloifanya thamostati iwe na kazi au isiwe nayo. Injini isiyo nayo huchelewa kupata moto wake, hula mafuta zaidi, na huchakaa mapema. Na mara nyingi sababu halisi ya kuchemka ni radieta iliyoziba au feni isiyozunguka, ambayo imebaki pale pale. Mzaha umeshinda hoja kwa sababu umeifanya thamostati kuwa mgeni, na mgeni asiye na kazi hufukuzwa. Huu ni uwezo wa tashihisi ambao walimu wa fasihi huufundisha kila siku katika mashairi bila kukumbuka kwamba waweza kumgharimu mtu injini.

Shauri la kuliinua gari lina uzito zaidi, kwa sababu linagusa maisha. Gari lililoinuliwa hupita juu ya mawe bila kuumiza tumbo lake. Hilo halina ubishi, na kwa njia za zamani lilikuwa jambo la lazima. Kwa Probox huwekwa vipande vya kuziinua springi zake za mviringo, au hutiwa springi nzito za gari jingine. Kwa pikapu huongezwa majani ya springi. Lakini katika pikapu nyingi, Toyota Hilux zikiwamo, mna vali ndogo iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa mwingi, bodi hushuka, fimbo husogea, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki iyafikie magurudumu ya nyuma. Majani yakiongezwa bila kuirekebisha fimbo hiyo, bodi haishuki. Vali hudhani gari ni tupu, na huinyima nyuma breki siku ile ile ambapo imebeba tani ya mchanga. Fundi hodari analijua jambo hili. Waketio chini ya mwembe aghalabu hawalijui, nao ndio wasemaji.

Sasa utazamwe mzaha unaoandamana na shauri hilo. Gari lililoinuliwa hufananishwa na mtu mrefu asiyeyaona mashimo, na mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino, na twiga. Lisiloinuliwa huambiwa linatambaa. Mwenye gari asiyetaka kuliinua huonekana bahili au mwoga, na kwa mwanamume kuitwa mwoga mbele ya watano ni gharama kubwa kuliko bei ya springi. Hakuna tashbihi hata moja kati ya hizo inayozungumzia kusimama. Zote ni za kwenda, kupita, kuonekana. Huu ndio upungufu wa maudhui ambao mhakiki hana budi kuutaja: lugha ya utani ya gereji ni tajiri ajabu juu ya mwendo na ni maskini juu ya breki.

Umaskini huo umekuwa wa hatari zaidi kwa sababu barabara yenyewe imebadilika. Njia ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, ambayo kwa vizazi ilikuwa shule ya springi, sasa imetiwa lami. Gari lililoinuliwa ili litambae juu ya mawe sasa linakimbia juu ya lami, likiwa refu na zito juu, katika kona ambazo zamani hakuna aliyezipita kwa kasi. Mawe yameondoka, mzaha umebaki. Fasihi simulizi husifiwa kwa kubadilika na wakati kuliko maandishi, na kwa kawaida sifa hiyo ni ya haki. Katika jambo hili maneno yamekuwa magumu kuliko kokoto.

Hapa inafaa kurudi kwenye nadharia ya utani. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alieleza uhusiano wa utani kuwa ni ule ambamo mtu mmoja huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hulazimika kutokasirika. R. E. Moreau alilichunguza jambo hilo Tanganyika katika miaka ya 1940. Wanafunzi wa fasihi wamelipokea fungu la kwanza la maelezo hayo kwa furaha, yaani ruhusa ya kudhihaki, wakalisahau la pili. Kwa makabila mengi ya Tanzania mtani si mcheshi tu. Mtani ana kazi msibani: huchimba kaburi, huhudumu, huwatuliza wafiwa kwa mzaha ambao mtu mwingine akiuthubutu atafukuzwa. Uhuru wake wa kusema umelipiwa. Anaweza kukuambia lolote kwa kuwa ndiye atakayekuzika.

Mtani wa gereji ameurithi uhuru huo bila deni lake. Amepata ruhusa ya kumwita mwenzake mwoga, lakini gari likipinduka hayumo msibani kama mtani. Yumo kama jirani, akiwa na huzuni ya jirani, wala hakuna mila inayomkumbusha kwamba shauri lilikuwa lake. Zaidi ya hayo, umbo la mzaha humpa mlango wa kutokea. Shauri likifaulu, lilikuwa shauri. Likishindwa, lilikuwa mzaha, na aliyelifuata alikosa akili ya kutofautisha. Hakuna mkataba wa kibiashara uliomfaa mshauri vizuri kuliko huu.

Hoja hii inapasa kuelekezwa pia kwa wahakiki. Utafiti juu ya utamaduni wa matatu umesonga mbele sana: Mbugua wa Mungai aliwaandikia kitabu wanaume wa matatu za Nairobi mwaka 2013, na Kenda Mutongi akaitoa historia ya matatu mwaka 2017. Vitabu hivi ni vya Nairobi, na waandishi wake hawakufumba macho mbele ya ubabe wa sekta hiyo. Ila katika tasnifu za wanafunzi umeingia mtindo wa kukiita kila kicheko cha barabarani kuwa ni upinzani wa wanyonge dhidi ya dola. Kwa mtindo huo gereji imekuwa bunge la umma na fundi amekuwa mshairi wake. Ni picha ya kuvutia. Lakini mnyonge wa kwanza katika habari hii si dereva wala fundi. Ni mama aliyeketi nyuma na kuku wake kati ya Mwingi na Kyuso, ambaye hakuulizwa kama springi ziongezwe, na ambaye katika mizaha yote iliyotajwa hapo juu hana neno hata moja. Akitajwa, anatajwa kama mzigo. Upinzani wa nani, basi, na dhidi ya nani?

Suala hilo linaonekana wazi katika mizaha juu ya kidhibiti mwendo. John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alitangaza mwaka 2003 kanuni ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya usalama, mstari wa manjano, idadi maalumu ya abiria, na kifaa cha kuizuia matatu isipite kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho mafundi walikiita gavana, na mapema sana maarifa ya kumpumbaza gavana yakawa sehemu ya mazungumzo ya gereji. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kubeba kumbukumbu ya ukoloni. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, Kitui na Makueni zilipokuwa kaunti zenye magavana wake, limepata maana ya tatu, na lugha haikuiacha nafasi hiyo ipite: kuuliza kama gavana anafanya kazi, kama amefungwa, au kama amelipwa anyamaze, ni kusema mambo mawili kwa pumzi moja. Kama siasa, mzaha huu ni wa hali ya juu. Umma unampima kiongozi kwa kipimo cha injini. Kama ufundi, ni mwaliko wa kukimbia kilomita 120 kwa saa na watu 14. Mhakiki anayeusifu upande wa kwanza na kuunyamazia wa pili amefanya kazi ya yule wa chini ya mwembe.

Kuna haja pia ya kusema kidogo juu ya lugha. Mazungumzo haya huhama kati ya Kikamba na Kiswahili bila kubisha hodi. Gari ni ngali mpaka linapofunguliwa. Likifunguliwa, viungo vyake vina majina ya Kiswahili cha mafundi: springi, ekseli, klachi, plagi, nozeli. Maneno haya yaliingia katika mpangilio wa ngeli, yakapata wingi wake na upatanisho wake, bila kungoja kamati yoyote ya istilahi. Aghalabu dhihaka husemwa Kikamba na kipimo husemwa Kiswahili. Jambo hili linastahili utafiti wake lenyewe, kwani laonyesha kwamba katika gereji Kiswahili kimepewa kazi ambayo wasomi wengi bado wanaiachia Kiingereza, yaani kazi ya usahihi.

Haitakuwa haki, lakini, kuondoka pale bila kuutaja mzaha wa namna nyingine, ule unaolipa deni lake. Upo, na si haba. Kuna desturi ya kulipa jina la fundi lile kosa alilolifanya, kiasi kwamba kiraka fulani cha bomba la mafuta huitwa kwa jina la aliyekitia, na kila kinapovuja anakumbukwa. Hapo mzaha umegeuka kuwa daftari. Haufichi aliyesema, unamshika. Kadhalika fundi mzee humtania mteja hadharani kwa mzigo wake, akimwuliza kama gari limekuwa ghala au kama abiria wamekuwa maembe, na mteja hucheka akijua kwamba mbele ya mashahidi watano ameonywa. Kifani mzaha huu hautofautiani na ule wa twiga na visigino: tashbihi ni zile zile, kicheko ni kile kile. Kinachoutofautisha ni mahali aliposimama msemaji. Mmoja anasema akiwa amejitia ndani ya matokeo, mwingine anasema akiwa nje yake. Vigezo vya kawaida vya fani na maudhui haviwezi kuiona tofauti hiyo mpaka viulize habari za mtendaji, jambo ambalo uhakiki wa fasihi simulizi umelihubiri kwa miaka mingi na kulitenda mara chache.

Njia moja ya kulitenda ni kutazama kinachofuata baada ya kazi kwisha. Katika vilima vya Mbooni, ambako barabara huteremka kwa kona za mfululizo, wapo wenye magari wasiolipa mpaka fundi apande mbele na kuteremka nao. Watano wa chini ya mwembe hualikwa pia. Kwa kawaida mmoja hukumbuka kwamba ana shughuli, wa pili hulitazama jua, na nafasi za nyuma, katika gari ambalo halijai, hubaki wazi.